Shati Lisilofuliwa

Bondo, 14 Januari 2001

Wifi Charity,

Huku hatujambo, isipokuwa masikio yangu. Mama ameyamaliza.

Unakumbuka mumeo alipofika huko kwanza alivyoandika kwamba amepata chumba Castle Vale? Mimi ndiye niliyemsomea Mama barua ile, na kwa vile ualimu hauniachi hata jikoni, nikamweleza kwamba castle ni ngome ya mawe ya wafalme wa zamani. Basi Mama akaipeleka habari kanisani: Otieno wake anaishi ubavuni mwa ngome ya mfalme. Mwaka wa tatu huu anangoja picha. Sasa wenzake wameanza kumcheka. Jumapili iliyopita mmoja alimuuliza mbele ya watu kama ngome hiyo imehama. Mama alirudi akalala bila kula, na asubuhi akaniamuru nichukue kalamu.

Nakuandikia wewe wala si ndugu yangu, maana yeye ukimwandikia anakujibu kwa ahadi. Wewe na mimi tumeachiwa Kiswahili tu, kwa kuwa miaka yote hii, Mtaita wewe, Kijaluo umejifunza neno "ber", yaani nzuri, peke yake. Mwambie kwamba Mama anataka picha ya ngome, na Otieno amesimama mbele yake, amevaa suti. Si koti la kazini. Suti.

Maharagwe ya mvua za vuli tumeanua. Mama amekuwekea debe lako kana kwamba utapita kesho.

Wifi yako mwenye masikio mabovu,
Angeline


Kingstanding, Birmingham, 4 Februari 2001

Wifi Angeline,

Nilisoma barua yako kazini, kwenye ile nyumba ya wazee, nikacheka mpaka Narinder, Mpunjabi ninayefanya naye zamu, akaniuliza kama nina mchumba anayeniandikia. Nikamwambia ni zaidi ya mchumba, ni dada wa mume.

Otieno ameloa jasho. Wifi, Castle Vale hakuna ngome. Palikuwa na uwanja wa ndege wa zamani, wakaufuta, wakajenga maghorofa ya baraza la jiji, na sasa hata hayo maghorofa wanayabomoa. Yeye alilijua hilo siku ya kwanza tu, lakini barua ilikuwa imeshatiwa kwenye sanduku la posta, na alivyo mpenda sifa akaona aibu kuandika nyingine.

Sasa Mungu amemfungulia njia. Ushirika wetu wa Wakenya umekodi basi dogo, na Jumamosi ya tarehe ishirini na nne tunakwenda bonde la mto Wye. Kuna ngome ya kweli huko, juu ya mwamba. Imebomoka, paa haina, lakini minara ipo. Chini yake kuna njia ya miguu inayofuata mto. Waingereza hupenda sana hizo njia. Hawaendi popote, wanatembea, wanakula mkate, wanarudi walikotoka.

Narinder ameniambia huko ni matope matupu mwezi huu, na akaleta buti za mumewe zenye meno chini. Otieno alizitazama akasema, "Buti na suti? Mama atafikiri nimeajiriwa watchman." Atavaa viatu vya harusi yetu, vile vyeusi vyenye soli laini. Ninavyokuandikia yuko sebuleni anaving'arisha, na wiki tatu bado.

Mwambie Mama picha inakuja.

Wifi yako,
Charity


Bondo, 13 Februari 2001

Wifi Charity,

Nakuandikia mbio ili barua hii iwawahi.

Mama alifurahi kwanza, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Halafu akaniuliza wenye ngome wako wapi. Nikamwambia walikufa zamani, ukoo ukaisha, boma likabomoka. Akanyamaza. Kwetu boma ambalo wenyewe wamekufa tunaliita gunda. Halikanyagwi ovyo, jiwe lake halibebwi, na mgeni hapigi kicheko ndani yake. Mama anasema Otieno asiingie humo hata hatua moja. Asimame mbali, picha ipigwe kutoka huko mbali, ngome ionekane nzima nyuma yake.

Najua utacheka. Mimi pia nimecheka kidogo, mbali na macho yake. Lakini yeye ndiye aliyemzaa, na ombi lenyewe ni dogo. Mfanyieni hivyo.

Angeline


Kingstanding, 4 Machi 2001

Wifi,

Niliyomwambia Baba Mdogo Cleopas kwa simu ya dukani kwake Kisumu najua ameshayafikisha. Sijui aliyasema vipi. Simu ilikuwa ikikatika na mimi nilikuwa nalia. Kwa hiyo nayaandika.

Tulifika salama. Tulikula. Otieno alikuwa ndiye mcheshi wa basi zima. Jua lilitoka kidogo, tukateremka kwenye ile njia ya mtoni. Ukingo ulikuwa umelowa, mto umejaa mpaka nyasi. Aliteleza. Kulikuwa na sauti ndogo tu, kama ya mtu anayetupa ndoo kisimani, na nilipotazama hapakuwa na mtu. Wanaume wa ushirika walikimbia kufuata maji wakiita jina lake. Mmoja alijitosa akatolewa akiwa hoi.

Polisi walikuja na mashua, na wapiga mbizi. Siku chache walitafuta. Halafu, wifi, sijui nikuelezeje jambo hili ulielewe. Ng'ombe wa nchi hii wameingiliwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na serikali imefunga njia zote za miguu mashambani ili watu wasiubebe kwa viatu. Ile njia ya mtoni imefungwa. Afisa aliniambia kwa upole nisirudi. Mashua itapita mara mojamoja, akasema, lakini kutembea ukingoni ni marufuku. Mume wangu yuko majini na mimi nimekatazwa kumtafuta kwa ajili ya ng'ombe.

Barua yako ya gunda ilichelewa. Niliikuta mlangoni tuliporudi.

Mwambie Mama nitamleta. Hata ikiwa ni mifupa, atalala nyumbani, kwenye boma lake, mbele ya ile nyumba ya bati aliyoijenga. Alinitaka nifanye hivyo tangu tulipooana, na nilimwahidi. Mimi sina mtoto wa kumwachia Mama; hilo ndilo ninaloweza kumletea.

Charity


Bondo, 25 Machi 2001

Wifi yangu,

Pole haitoshi, na sina neno lingine. Ndugu yangu alikuwa mmoja tu.

Mama hali. Tangu Cleopas alete habari ameketi mlangoni juu ya mkeka, uso njiani. Watu wanakuja kutufariji na hawajui wafanye nini. Hapa mtu hulilia kaburi. Pasipo kaburi, mwanamke analia kidogo, anatazama huku na huku, anafunga leso yake anakwenda. Hata nywele hatuwezi kunyoa. Matanga hayajaanza wala hayajaisha. Mama ananiuliza kila asubuhi, "Ameingia? Aliingia kwenye lile gunda?" Niambie, Charity. Aliingia?

Nina ombi kutoka kwa Mama. Tuma shati lake. Lile alilolivaa mwisho kabla ya siku ile, lisilofuliwa, lenye jasho lake. Usilipige pasi. Mama analiomba sana, naye haombi vitu.

Usiniulize mengi. Nakusihi ulitume.

Angeline


Kingstanding, 15 Aprili 2001

Wifi Angeline,

Leo ni Pasaka. Sikwenda kanisani kwa sababu kila mtu hunishika mkono.

Shati ni hili. Ni la kazini, la bluu yenye miraba, lina harufu ya mafuta ya mashine na yake mwenyewe. Tangu siku ile nimelilaza kwenye mto wangu. Kulitia kwenye bahasha kumenishinda mara mbili, na leo nimefanya bila kutazama. Lakini kama Mama naye atalilaza kwenye mto wake na apate usingizi, basi aliye mama ana haki kunishinda. Mwambie nimelitoa kwa moyo wote.

Nimetia pia picha moja ya Otieno akiwa ndani ya basi, na suti na tai yake. Za ngome hazikutoka.

Kuhusu unaloniuliza, sitaki kulisema. Aliteleza tu.

Narinder alinipeleka kwa gari lake juzi. Mdomoni mwa njia wamefunga utepe, na barabarani wametandika majani makavu yaliyolowekwa dawa, magari yapite juu yake. Ng'ambo ya kilima walikuwa wanachoma ng'ombe. Moshi ule una harufu ya nyama, wifi, na chini yake harufu nyingine. Ngome inaonekana kutoka barabarani. Mto hauonekani. Nilisimama penye utepe mpaka Narinder akanivika koti lake, akasema "Come, Charity, come," tukarudi.

Njia zitafunguliwa. Ugonjwa hauwezi kukaa milele. Naomba jambo moja tu: ngojeni. Wazee wasifanye lolote kabla hajapatikana. Nitatembea mwenyewe ukingo ule wote.

Charity


Bondo, 20 Mei 2001

Wifi Charity,

Shati lilifika. Ahsante. Hujui ulichotufanyia.

Mama ameanza kula. Alianza na uji, sasa anakula ugali na samaki. Usiku analala. Ameinuka mkekani, amekwenda shambani, anapalilia maharagwe na kugombana na mbuzi wa jirani kama zamani. Nywele amenyoa, anasema joto limemzidi. Wageni walikuwa wengi sana mwezi huu na nyumba ilijaa, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Picha ya basi tumeitia kioo. Suti inampendeza.

Nina neno dogo. Usilale nyumba ya mtu mwingine kwa sasa. Lala kwako tu, mpaka nitakapokuambia. Ni mambo ya huku, wala yasikusumbue.

Jitunze, ule. Mama anakusalimu kwa jina lako kamili.

Angeline


Kingstanding, 5 Agosti 2001

Wifi Angeline,

Amepatikana.

Sijui kama mtu huandika hivi na kuona raha, lakini nimeona raha, Mungu anisamehe. Njia zimefunguliwa. Mzee mmoja alikuwa akitembea na mbwa wake wiki ya kwanza tu ya ruhusa, mbali chini ya ngome, na mto umepungua, na mbwa akakataa kuondoka penye mizizi ya miti. Fikiria, wifi. Miezi yote ile alikuwa pale pale kando ya njia. Mtu yeyote angepita angemwona.

Hawakuniruhusu kumtazama. Walinionyesha pete, na kiatu kimoja cheusi. Kamba yake alikuwa ameifunga mafundo mawili, kama alivyofunga siku zote kwa sababu moja humfungukia. Nikasema ndiye. Nimetia sahihi.

Ushirika umeshakusanya nauli ya jeneza na yangu. Wameniambia hati zitakuwa tayari mwezi ujao. Mwambie Baba Mdogo Cleopas aje na gari Nairobi. Mwambie Mama achague mahali, na wachimbe, ila wasimalize mpaka tufike. Nataka nikute jembe linafanya kazi.

Nilikuwa nikilala kwangu kama ulivyoniagiza, isipokuwa zamu za usiku. Hukunieleza sababu, lakini nimetii.

Ninamleta, wifi. Nilisema nitamleta.

Charity


Bondo, 16 Agosti 2001

Charity,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Otieno alizikwa tarehe tano Mei.

Kwetu mtu akipotelea majini asipatikane, wazee hukata tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama mkono wa mtu. Hulifunga kwa nguo yake yenye jasho, hulitia jina lake, hulichimbia kaburi, na watu hulia. Baada ya hapo amezikwa. Matanga yanaisha, watu wananyoa, mama anaweza kula. Ndilo shati lile, na ndiyo maana nilikuagiza ulale kwako: mjane halali kwa watu kabla ya kutakaswa.

Najua hukujua. Mtaita angejuaje? Lakini wazee walipolishika, Cleopas alisema, "Mke mwenyewe ametoa nguo, mke amekubali." Barua yako yenye neno "ngojeni" nilikuwa nayo mfukoni. Sikuwasomea mstari ule. Charity, Mama alikuwa anakufa. Mifupa ya mkono wake ningeweza kuihesabu kutoka mlangoni. Ningekuwa na maiti mbili, moja majini na moja mkekani, na sikuwa tayari. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo, lakini ningefanya tena.

Nimewaeleza wazee habari zako mara tatu. Wanasema kaburi la Otieno limefungwa. Ukichimba la pili kwa jina lilelile, unaliacha na mdomo wazi likimngoja mtu mwingine wa boma hili. Wanasema ukimleta watampokea, ila atalala nje ya uzio, ng'ambo ya miiba, kama msafiri aliyefia njiani.

Mimi ningali nagombana nao.

Angeline


Kingstanding, 27 Agosti 2001

Angeline,

Mlimzika mume wangu na mimi niko kazini nawaosha wazee wa watu.

Nilikutumia shati kwa sababu uliniambia Mama analiomba. Nililia nikifunga bahasha. Uliniandikia joto limezidi na huku mko kwenye mvua za masika, nami nikaamini, kwa sababu ni wewe. Tangu niolewe kwenu sijapata kuambiwa jambo ila kwa kinywa chako. Kila barua ya nyumba ile imepita mkononi mwako kwanza. Sasa nakaa najiuliza mistari mingine uliyomeza ni mingapi.

Kwetu Wundanyi wazee wa kale waliwaweka watu wao mapangoni, kila mtu kwa fuvu lake mwenyewe, wakawatembelea. Nasikia watu hucheka habari hiyo. Lakini hatukuzika tunda tukaliita mtu.

Nje ya uzio sitamlaza. Yeye alijenga nyumba ndani ya uzio ule. Kila mwezi alituma pesa za mabati kabla ya kununua koti la baridi. Hawezi kurudi aombe nafasi miibani.

Sitaki tena neno la wazee wala la Cleopas. Nataka la Mama. Mwulize: mwanao yuko kwenye friji Uingereza, pete yake ninayo, na mke wake amesimama mlangoni kwako naye mikononi. Unamfungulia? Muulize hivyo hivyo, neno kwa neno, na unitumie jibu bila kupunguza.

Charity


Bondo, 9 Septemba 2001

Charity,

Nilimwuliza neno kwa neno. Hili ndilo jibu, sikupunguza.

Siku ile aliinuka tu akaenda shambani. Siku iliyofuata nilichukua jembe. Nilikuwa nimelala na barua yako, na nilipoamka niliona hakuna njia nyingine: nitalitoa lile tunda mimi, mchana kweupe, wazee wanilaani watakavyo, na kaburi libaki wazi likimngoja mwenyewe. Nilipiga jembe la kwanza, la pili. Mama akatoka nyumbani polepole, akaja akaketi juu ya kaburi. Akaketi pale ninapochimba, miguu ameinyoosha. Nikamwambia, "Mama, ondoka, mwanao wa kweli anakuja." Akasema hivi:

"Mwanangu nimeshamlilia. Nimenyoa kwa ajili yake. Machozi niliyokuwa nayo yote nimemwaga hapa, na ukimtoa sina mengine. Huyu ni wangu. Yule wa huko ni wa Charity. Amzike anavyojua."

Nilitupa jembe. Nimelia mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la saba, jambo ambalo sikuwahi.

Jioni alinituma tena. Anataka nikuambie kwamba wewe ni wake bado. Amekupimia nafasi yako kando ya kaburi, kwa kamba, akaweka jiwe kila pembe. Anasema siku yako ikifika, hata baada ya miaka mingi, utalala hapo karibu na mumeo, na hakuna wa kukuuliza kwenu ni wapi. Anasema kwa upendo, Charity. Nilimtazama usoni alipokuwa akipima, na ulikuwa upendo. Lakini bado ananiuliza kila siku kama Otieno aliingia kwenye gunda, maana anataka kujua ni nini kilichomla mwanawe.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hata matusi.

Angeline


Kingstanding, 7 Oktoba 2001

Angeline,

Nimemzika jana, kwenye makaburi ya jiji hili. Kulikuwa na mvua ya kawaida ya hapa, isiyoanza wala kuisha. Ushirika uliimba kwa Kijaluo wimbo ambao nusu yetu hatujui maneno. Narinder alisimama karibu nami na kitambaa kichwani. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo ndilo lililoniangusha magoti. Nauli ya ushirika imelipia ardhi.

Kabla ya hapo nilikwenda bondeni. Nilivaa zile buti za mume wa Narinder, na soksi mbili ili zinikae. Nilipanda ngomeni kwanza, nikalipa kiingilio. Ndani hakuna kitu. Kuta, nyasi zilizokatwa vizuri, ngazi inayozunguka ikafika juu ikaishia hewani. Familia moja ilikuwa inakula mikate pale palipokuwa na jiko. Watoto walikuwa wanacheka, wanaitana majina, na hakuna kilichowadhuru. Nilikaa humo muda mrefu. Ni mahali pakavu, Angeline, na sakafu yake ni tambarare. Mtu mwenye viatu vya soli laini angeweza kuzunguka humo kutwa asiteleze.

Kisha nikateremka mtoni, nikaifuata njia. Mto sasa ni mdogo, unaona mawe chini. Nilitembea kutoka alipoteleza mpaka alipopatikana. Si mbali. Nilitembea tena kurudi.

Haya yanayofuata ni yako. Usimsomee Mama. Wewe unajua kuruka mistari, basi uruke.

Barua yako ya gunda haikuchelewa. Ilifika Alhamisi, siku mbili kabla. Nilimsomea Otieno jioni akila. Alicheka, halafu akanyamaza kama Mama alivyonyamaza. Jumamosi ile watu wote wa basi waliingia ngomeni, wakapiga picha juu ya kuta. Yeye alikataa. Alibaki langoni na suti yake kama bwana harusi aliyekosea saa, watu wanamtania, naye anasema, "Mum amesema no, na mimi ni mtoto wa Mum." Tulipoteremka akataka ile picha aliyoagizwa: kutoka mbali, ngome nzima. Kamera nilikuwa nayo mimi, na mnara haukuingia wote. Sikumwambia arudi nyuma. Alirudi mwenyewe, akinyoosha tai, akiniuliza, "Sasa imeingia? Sasa?" Nilikuwa naitazama ngome kupitia kile kidirisha kidogo. Nikaona imeingia. Nikabonyeza.

Picha za ngome zilitoka. Hiyo ya mwisho nimeitia humu. Minara yote ipo, na mwamba, na kipande cha ukingo, na hakuna mtu.

Sikuwaambia kwa sababu Mama alikuwa anakufa, kama ulivyosema mwenyewe. Wewe ulinificha la shati ili Mama aishi, nami nilimficha hili. Tuko sawa, wewe na mimi. Sasa libebe nawe, maana mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Hapa chini ndipo pa kumsomea:

Mama, hujambo. Otieno hakuingia ndani ya gunda. Hakukanyaga hata hatua moja. Alikuwa mtoto mtiifu. Picha uliyoitaka hii hapa, ngome imeonekana nzima, wapelekee wenzako kanisani. Nimemzika wa kwangu vizuri, kwa jina lake, na kiatu chake. Kando yake nimeshajichukulia nafasi, na kwenye karatasi za jiji imeandikwa jina langu. Nakushukuru kwa ile uliyonipimia. Usiniwekee. Ondoa mawe yale, Mama, na hapo kando ya shati upande maharagwe.

Charity Wakesho